Vyungu vya Magdalene Odundo: udongo mmoja, mwekundu na mweusi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasoma sanaa mwaka wa pili hapa Dar es Salaam, ila kwetu ni Kyela na bibi yangu ni mfinyanzi. Likizo iliyopita nilimwonyesha kwenye simu picha za vyungu vya Magdalene Odundo wa Kenya. Akasema hivyo vimetoka kwenye mashine vikapakwa rangi, mkono wa mtu hauwezi. Mimi nimesoma kwamba mama huyu hufinyanga kwa mkono na hapaki rangi yoyote. Nani mkweli kati yetu? Alifundishwa na nani, bibi yake kama ilivyo kwetu? Weusi ule anaupataje? Na je, naweza kujaribu kwa udongo wetu wa kawaida, bila tanuri la chuo?

JIBU: Marahaba, binti. Mfikishie bibi salamu zangu, kisha mwambie taratibu kwamba safari hii mjukuu ndiye mkweli. Odundo hufinyanga kwa mkono, hatumii gurudumu, na ule wekundu na weusi si rangi ya kupaka wala si glezi, ile ngozi ya kioo unayoiona kwenye vikombe vya dukani. Lakini usimcheke bibi. Mfinyanzi mzoefu akiona tumbo la chungu limekaa sawa pande zote, ukuta mwembamba na uso usio na alama ya kidole, ana haki ya kushuku mashine, maana yeye ndiye anayejua mkono huyumba wapi.

Picha nazo hudanganya. Wapiga picha wa makumbusho hukigeuzia chungu upande wake mzuri, taa ikamulika kutoka ubavuni, na kila kilichopinda kikatoweka. Ukipata bahati ya kukizunguka chungu chenyewe utaona shingo imeinamia upande, bega moja limepanda kuliko la pili, mdomo umekatwa mshazari. Vipo vilivyo sawa kabisa, lakini vingi vimeegemea kidogo tu, kiasi cha kukufanya ujiulize kama ni wewe uliyesimama vibaya. Mwenyewe hakuvipa majina ya kupamba. Vingi huandikwa kwamba havina jina, au hutajwa kwa umbo lake na moto uliokichoma: hiki kina ulinganifu, kile hakina, hiki chekundu, kile cheusi. Nampenda kwa hilo. Msanii anayekipa chungu jina refu la kishairi mara nyingi ana wasiwasi na chungu chenyewe.

Kuhusu mwalimu wake, hapana, hakufundishwa na bibi yake. Hapo ndipo watu wengi hukosea wanapomwandika. Humwona Mwafrika anayefinyanga bila gurudumu, wakahitimisha kwamba ni urithi wa damu. Odundo alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akasoma India na Kenya akiwa mtoto, na fani yake ya kwanza ilikuwa michoro ya biashara, aliyojifunza Kabete. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kuiendeleza fani hiyohiyo, akaanzia Cambridge. Ni huko, akiwa na miaka ishirini na kitu, ndipo udongo ulipomnasa. Cambridge ni mji mdogo wenye makumbusho makubwa, na mwanafunzi anaweza kutazama vyungu vya Kigiriki, vya Afrika na vya Amerika ya Kusini kwa siku moja bila kupanda basi. Baadaye akahamia chuo cha sanaa cha Farnham, kusini mwa Uingereza, alikopata shahada yake mwaka 1976.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyozunguka. Ufinyanzi wa Uingereza wakati ule ulitawaliwa na gurudumu, glezi na moto mkali, kwa mtindo uliosambazwa na mfinyanzi Mwingereza Bernard Leach na wafuasi wake. Mmoja wa wanafunzi wa Leach, Michael Cardew, alikuwa ameajiriwa na serikali ya kikoloni huko Nigeria mwanzoni mwa miaka ya 1950, akaanzisha kituo cha mafunzo ya ufinyanzi Abuja. Si jiji kuu la leo. Ni mji wa zamani wa jina hilo, ambao sasa unaitwa Suleja. Cardew alikwenda kuwafundisha Waafrika gurudumu na glezi. Kwenye kituo hichohicho wakawamo akina mama wa Kigbari, maarufu kuliko wote akiwa Ladi Kwali, ambao walikuja na ufundi wao na hawakuuacha. Ndiko Odundo alikokwenda akiwa mwanafunzi, kati ya 1974 na 1975. Kwa hiyo Mkenya alitoka Nairobi akaenda Uingereza, na Uingereza ikamfikisha kwa akina mama wa Nigeria. Kabla ya hapo alikuwa na macho ya mchoraji. Kwa akina mama hao akapata mkono.

Alichokiona kwao bibi yako atakielewa mara moja. Mama wa Kigbari anapofinyanga mtungi mkubwa, mtungi hauzunguki, yeye ndiye anayeuzunguka. Anatembea kinyumenyume, hatua kwa hatua, mkono mmoja ndani na mwingine nje, na mwendo wake ndio unaouweka mtungi sawa. Ladi Kwali aliupeleka ufundi huo mbele ya watazamaji wa Ulaya na Marekani, na leo picha yake akifinyanga iko nyuma ya noti ya naira 20. Siifahamu noti nyingine barani kwetu iliyompa mama mfinyanzi heshima hiyo.

Baada ya hapo Odundo alikwenda pia New Mexico, Marekani, kwenye kijiji cha San Ildefonso, kwa wenyeji wa asili ambao vyungu vyao vyeusi vinavyometameta vilipewa umaarufu na Maria Martinez na mumewe Julian. Nitakurudisha huko mwishoni, kwa sababu wao hawakuwa na tanuri la chuo. Halafu akafundisha London kwa muda, na mwaka 1979 hadi 1982 akasoma shahada ya uzamili Royal College of Art, chuo cha sanaa cha hukohuko London. Vyungu unavyovijua wewe, vile vya shingo ndefu na tumbo la kuvimba, vilianza kujitokeza kwa ukamilifu katika miaka hiyo. Hesabu mwenyewe: miaka kumi hivi tangu aondoke Nairobi. Mtu akisema hicho ni kipaji cha damu, anaifuta miaka yote hiyo kwa neno moja.

Tuingie kwenye kazi yenyewe, maana nadhani hapo ndipo bibi atakuwa na maswali mengi kuliko wewe. Odundo huanza na bonge la udongo, analitoboa katikati kwa ngumi, kisha anazivuta kuta kwenda juu. Zikifika mwisho wa uwezo wake, anaongeza pingili za udongo, moja juu ya nyingine, akiziunganisha mpaka mshono upotee. Tumbo hulisukuma kutoka ndani, na nje hukwangua kwa gae la kibuyu. Kibuyu kina mviringo wa asili, kwa hiyo gae lake hukaa vizuri kwenye tumbo la chungu. Ubao ulionyooka ungeacha mabapa. Akiisha kukwangua anaacha udongo ukauke nusu, ukawa mgumu wa kushikika lakini bado una ubaridi ukiugusa kwa shavu. Hapo anaupaka uji wa udongo uliochujwa sana, na akiisha anaanza kusugua kwa vijiwe laini. Anasugua, anapaka tena, anasugua tena. Hiyo ndiyo sehemu inayokula siku, na ndiyo sababu vyungu vyake ni vichache kwa mwaka. Wafinyanzi wengi husugua nje tu. Yeye husugua pia ndani ya mdomo na chini kwenye shingo mpaka mkono ukatae kupita, ili ukichungulia usikute ukingo ambapo kazi imekatika.

Ule mng'ao basi si kitu kilichoongezwa. Chembe za udongo ni bapa mno, na kabla ya kusuguliwa zimekaa ovyo, kila moja imeelekea kwake, kwa hiyo mwanga ukizigonga hutawanyika. Kijiwe huzilaza zote kifudifudi, kama sahani zilizopangwa kabatini, na mwanga ukarudi kwa pamoja. Uji wa udongo husaidia kwa sababu chembe zake ni ndogo kuliko za mwili wa chungu. Mpangilio huo hauvumilii moto mkali. Ukipita nyuzi 1000 hivi za Selsiasi, udongo huanza kuungana na kunywea, na mng'ao wote ukapotea. Kwa hiyo chungu cha namna hii lazima kichomwe kwa moto wa wastani, na gharama yake ni kwamba hubaki na vinyweleo. Hakifai kuwekea maua yenye maji. Chungu cha Odundo ni cha kutazamwa. Hata wanaokinunua kwa fedha nyingi hawakitii kitu ndani.

Na weusi? Udongo mwingi wa kwetu una chuma ndani yake. Ukiuchoma penye hewa ya kutosha, chuma hicho hushikana na oksijeni kikawa kitu cha jamii moja na kutu ya bati, na chungu kikatoka chekundu au rangi ya machungwa. Huo ndio moto wa kwanza wa Odundo, katika tanuri la gesi, na vyungu vyake vyekundu huishia hapo. Akitaka cheusi anakirudisha motoni, safari hii kikiwa ndani ya chombo kilichofunikwa, pamoja na maranda ya mbao. Maranda yanataka kuungua na hewa hayapati, kwa hiyo yanainyakua oksijeni iliyomo kwenye chuma cha udongo, chuma kikageuka cheusi. Wakati huohuo moshi unapenyeza kaboni kwenye vinyweleo. Ni chungu kilekile, udongo uleule. Kilichobadilika ni hewa tu. Ndiyo maana utaona vingine vimegawanyika, ubavu mmoja mwekundu, mwingine mweusi, na katikati madoa ya rangi ya shaba: hewa ilipenya mahali pamoja ikanyimwa pengine. Madoa hayo huwezi kuyapanga yote kwa mkono. Unaweza tu kuyaalika, kwa jinsi unavyokiweka chungu na jinsi unavyoyamwaga maranda, halafu ungoje. Kisipomridhisha anaweza kukirudisha motoni tena, na kila safari ya motoni ni nafasi nyingine ya kupasuka.

Hukuuliza maumbo anayatoa wapi, lakini naona ni nusu ya jibu. Anayatoa mwilini mwa mtu, hasa wa mwanamke: mimba, kiuno, kisogo, shingo inayogeuka. Tazama vile vinundu vidogo anavyovipachika mgongoni mwa chungu au kwenye tumbo. Vingine ni kama pingili za uti wa mgongo, vingine kitovu. Kwenye vyungu kadhaa mdomo umetanuka kwenda nyuma kama kichwa kilichosukwa, na hapo anayejua sanaa ya Kongo atawakumbuka Wamangbetu, ambao wanawake wao walisuka nywele kwa kuziinua na kuzitandaza nyuma ya kichwa, na wafinyanzi wao wakauweka mtindo huo juu ya mitungi. Ila usiishie Afrika. Mwaka 2019 alifanya maonyesho makubwa kwenye jumba la The Hepworth Wakefield, kaskazini mwa Uingereza, na alichofanya ni kuvichanganya vyungu vyake zaidi ya 50 na vitu alivyovichagua mwenyewe kutoka enzi na mabara tofauti, vikiwemo sanamu za Wazungu wa karne ya 20 kama Barbara Hepworth na Henry Moore. Humo pia kulikuwa na kazi yake ya kioo, vipande 1,001 vilivyoning'inizwa, umbo lake likitokana na kipuli cha kioo cha Misri ya kale. Ukiwa mwanafunzi wa sanaa, zingatia namna anavyokopa. Hachukui pambo, anachukua mkao. Kichwa kilichosukwa kinakuwa mdomo wa chungu, na hakuna unywele hata mmoja uliochorwa.

Vyeo vyake nitavipitia haraka. Alirudi Farnham akafundisha kwa miaka mingi mpaka akawa profesa, chuo hicho sasa ni sehemu ya University for the Creative Arts, na mwaka 2018 akateuliwa kuwa mkuu wake wa heshima. Mwaka 2020 Uingereza ilimpa cheo cha Dame, heshima ya wanawake iliyo sawa na Sir kwa wanaume. Mwaka 2022 kazi zake zilikuwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya kimataifa ya Venice, Italia. Ukifika London, chungu chake kipo kwenye vyumba vya Afrika vya British Museum. Karibu yake kuna vyungu vingi vizuri vilivyoandikwa jina la kabila tu, bila jina la aliyevifinyanga, kwa sababu waliovikusanya hawakujishughulisha kuuliza. Nakutajia hilo kwa sababu una bibi aliye hai. Chungu chake kinachofuata kikitoka motoni, andika jina lake chini na mwaka.

Sasa swali lako la mwisho. Ndiyo, unaweza, na huhitaji tanuri la chuo. Wale wa San Ildefonso walipanga vyungu juu ya vyuma, wakavizungushia samadi kavu na kuni, wakavichoma uwanjani. Wakiona vimeiva wakaumwagia moto wote samadi ya unga mpaka ukafunikwa kabisa. Moto ukakosa hewa, vyungu vikawa vyeusi. Wewe unaweza kufanya hivyohivyo, au utumie debe.

Anza na uji wa udongo. Chukua udongo mwekundu, uloweke kwenye maji mengi ndani ya chupa kubwa ya plastiki inayoonyesha ndani, utikise, uuache mpaka kesho yake. Mchanga utatuama chini, juu yatabaki maji. Unachokitaka ni ile tabaka ya katikati, laini kabisa. Inyonye kwa mpira mwembamba bila kuitikisa chupa. Wafinyanzi wengi hutia chembe ya magadi ili chembe za udongo zielee muda mrefu, lakini iwe kidogo sana, maana ikizidi uji huganda. Udongo wa kufinyangia wenyewe uchanganye na vigae vilivyosagwa, kama bibi anavyofanya, ili usipasuke motoni. Usihofu kwamba vigae vitakwaruza mng'ao. Uji ndio unaovifunika.

Sugua udongo ukiwa mgumu nusu. Ukiwahi, kijiwe kitachimba. Ukichelewa, kitatoa vumbi. Vijiwe vya mtoni kule kwenu vinatosha, na mgongo wa kijiko cha chuma hufanya kazi kwenye pembe. Ukimaliza usiviguse vyungu kwa vidole vyenye mafuta.

Halafu vikaushe polepole kivulini, kwa zaidi ya vile unavyodhani inatosha. Vyungu vingi vya wanafunzi havivunjiki kwa sababu ya moto mkali. Huvunjika mwanzoni kabisa, maji yaliyobaki ndani ya ukuta yanapopita nyuzi 100 na kugeuka mvuke ghafla, na chungu kilichosuguliwa ni hatari zaidi kwa sababu uso wake umeziba na mvuke hauna pa kutokea. Kipashe moto pembeni mwa jiko kwa saa kadhaa kwanza, kisha kichome mara ya kwanza wazi, chenye hewa, kitoke chekundu. Usiruke hatua hii.

Moto wa pili, kiweke kwenye debe la chuma pamoja na maranda makavu yaliyoshindiliwa vizuri, ufunike, uzibe mwanya kwa udongo mbichi, ulizungushie moto wa kuni mpaka debe liwe jekundu, uushikilie hapo kwa muda. Usitumie debe lililopakwa zinki. Mvuke wake ukiunguzwa unaumiza mapafu. Fanya kazi hiyo nje, upepo ukiwa nyuma yako, kwa sababu moto uliokosa hewa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Na usilifungue debe mpaka lipoe kabisa. Hapo ndipo wengi huharibu: wanachungulia debe lingali la moto, hewa inaingia, chungu cheusi kinapata mabaka ya kahawia.

Kwa mara ya kwanza finyanga vibakuli vidogo vya kujaza kiganja, vingi, na usivipende. Kimoja kati ya vile vilivyotoka vyekundu kwenye moto wa kwanza kivunje, utazame ukuta wake kwa ndani. Ukikuta wekundu umepita mpaka katikati, moto ulikuwa wa kutosha na unaweza kwenda kwenye debe. Ukikuta mstari wa kijivu au mweusi katikati ya ukuta, moto ulikuwa mfupi au hewa haikutosha. Virudishe vilivyobaki motoni kwa muda mrefu zaidi kabla ya kuvitia kwenye maranda.